Sura ya Tisa: Nusu Katoni ya Mulungwishi

"Sitakupa. Hata kimoja."

"Emi, nimesema nitalipa."

"Na minye nimesema sitakupa. Hii si unga ya mihogo, kwamba ukilipa unabeba."

Djibril aliweka viganja vyote viwili juu ya kaunta ya famasi, kama mtu anayezuia meza isiruke. Nilikuwa nimefungua mlango saa mbili asubuhi, na kabla sijavaa koti langu jeupe alikuwa ameshaingia na maneno yake. Papa Fidèle, mwenye famasi, alikuwa nyuma ya rafu akipanga chupa ambazo alikuwa amezipanga jana. Mama mmoja aliyekuja kununua dawa ya kikohozi alisimama mlangoni na mwavuli wake.

"Mama, nikupe dawa yako?" nikamwuliza.

"Minye sina haraka," akasema. "Muendelee tu."

Nilimpa chupa yake na kumsindikiza kwa macho mpaka akatoka. Kisha nikamgeukia Djibril.

"Vidonge vya minyoo vya batoto. Paketi ishirini. Nani ana minyoo ya paketi ishirini?"

"Ni ya mama."

"Mama Mayimuna iko na minyoo?"

Alitazama mikono yake. Ni mikono mizuri, lazima niseme ukweli hata katikati ya ugomvi, mirefu na tulivu, mikono ya mtu aliyeshika usukani miaka kumi na tano. Mimi ni mjane mwenye miaka thelathini na minane na binti wa miaka tisa; sikutegemea tena kuitazama mikono ya mwanaume hivyo. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Si minyoo," akasema polepole. "Iko na kintu mu ziwa, hapa mu kifua. Dokta wa Lubumbashi alikata kipande kidogo, wakakipima. Wakasema kansa. Sasa anameza vidonge nane kila siku, na vimeisha. Usinitazame vile, Emi. Weye njo ulinifundisha."

Nikalikumbuka gari lake, na katoni miguuni pangu.

Ilikuwa wiki sita nyuma, mwezi wa tisa, wiki ya kufungua shule. Kila mwaka nasaidia kugawa dawa ya minyoo mashuleni, na mwaka huu nilipangiwa Mulungwishi. Gari lililobeba makatoni lilikuwa la Djibril. Tayari alikuwa ameniomba tuoane, tangu mwezi wa saba, na tulikuwa tunangoja watu wake waje kwetu na mali, yaani mahari. Siku nzima watoto walipanga foleni, wakatafuna vidonge vyao vyenye ladha ya chungwa, wakatoa ulimi kutuonyesha kwamba wamemeza. Jioni tulirudi tukiwa wawili tu ndani ya gari, na nusu katoni imebaki miguuni pangu.

Nakumbuka njia ile kama mtu anavyokumbuka ndoto nzuri, bila kona wala mashimo. Nyasi zilikuwa zimechomwa kwenye vilima, na moshi ulilala chini kama blanketi. Djibril aliendesha taratibu makusudi. Mimi nilikuwa na furaha, na furaha inanifanya niongee. Nikamwambia nilichosoma: kwamba vidonge hivi vidogo vya watoto, wataalamu wanavichunguza sasa kama vinaweza kupigana na kansa. Kwamba kile kinachomzuia mnyoo kujenga mwili wake kinaweza labda kuizuia seli ya kansa isigawanyike. Nilisema "labda". Nilisema pia kwamba wameona hivyo kwenye chupa na kwa panya, na kwa wagonjwa wachache mno, na kwamba bado hakuna aliyethibitisha kuwa inaponya mtu. Nilisema yote hayo, naapa. Lakini niliyasema kwa sauti ya mwanamke anayetaka kupendwa, na sauti ile inafanya kila kitu kionekane kinawezekana.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Mara kwa mara aliyatoa macho barabarani akatazama midomo yangu. Nikadhani ni mapenzi.

Aliponishusha, akasema, "Katoni nitairudisha minye kesho, ofisi ya afya iko mu njia yangu." Nami, ambaye namwambia binti yangu Shekina apulizie pumzi usoni mwangu kuhakikisha amepiga mswaki, sikuuliza karatasi ya kupokelewa. Nilienda kulala nikitabasamu.

"Haukurudisha ile katoni," nikasema sasa.

"Hapana."

"Na ile siku, mu gari, mama yako alikuwa tayari mugonjwa."

"Ilikuwa wiki mbili tangu Dokta aseme ile jina." Aliinua macho. "Minye nilikuwa naendesha na nawaza, nitazika mama yangu. Na weye ukafungua kinywa ukasema iko dawa, na iko hapa chini, mu miguu yako. Ungekuwa minye, ungefanya nini?"

"Ningeuliza! Ningesema, Emi, mama yangu iko mugonjwa!"

"Mama alinikataza. Alisema bantu bakijua, batasema anakufa, na hakuna mwanamuke atapenda kuolewa mu nyumba ya kilio."

"Kumbe ndiyo sababu hamukuja kwetu? Mama yangu anasema kila siku, ule Muislamu anakuchezea, hataleta mali. Na minye nikafikiri ni mama yako hapendi mujane mukristo na mutoto wa mwingine."

"Hiyo pia alisema," akakiri. Djibril hajui kudanganya akiulizwa moja kwa moja. Tatizo ni kwamba sikuwa nimeuliza. "Lakini ilikuwa zamani. Emi, tafadhali. Dawa inafanya kazi. Ugonjwa unatoka."

"Unajuaje?"

"Unatokea mu macho. Macho yake imekuwa manjano."

Nyuma ya rafu, chupa moja ilianguka. Papa Fidèle hakuiokota.

"Tangu siku ngapi?" nikauliza.

"Siku ine. Na mukojo mweusi kidogo. Anachoka, lakini uchafu ukitoka muntu anachoka, ao si vile?"

"Djibril. Si ugonjwa unatoka. Ni ini lake."

"Ini?"

"Ile dawa, mutoto anatafuna kimoja, anaenda kucheza. Muntu mukubwa akimeza nane kila siku wiki sita, inaweza kuchoma ini. Kama ni hiyo, unamuua wakati hiyo kansa haijafanya kitu bado."

Nilisema hivyo hivyo, bila kukunja maneno. Mama yangu alinizaa hivyo, na shule ya uuguzi ilinimalizia. Nilimwona Djibril akipokea neno lile kama mtu anayepokea gunia begani bila kujiandaa. Alirudi nyuma hatua moja, akaketi kwenye benchi la wateja.

"Barua ya Dokta iko wapi?"

"Mu gari. Aliandika siku ya kumukata." Akageukia mlango. "Ni kesho."

"Kesho!"

"Mama anakataa kisu. Dada yake Fatou walimukata kule Kalemie, akafa mu juma moja. Nikisema Lubumbashi, anageukia ukuta. Ile vidonge alikubali. Njo kintu kimoja alikubali, Emi. Kila asubuhi alikuwa anafungua mukono, ananiambia, lete."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kukaa kando yake na kuweka kichwa chake kwenye bega langu. Nje mvua ya kwanza ya mwaka ilikuwa imenyesha alfajiri, na maua ya jakaranda yamebandikwa kwenye kioo cha gari lake, zambarau, mengi, kana kwamba gari limepita kwenye arusi ya watu wengine.

Nikavua koti jeupe.

"Papa Fidèle!"

"Nimesikia," akajibu kutoka nyuma. "Enda. Nitauza minye mwenyewe. Na uchukue glavu."

"Unaenda wapi?" Djibril akauliza.

"Kwenu."

Alisimama upesi. "Mama yako alikukataza."

Ilikuwa kweli. Kwetu sisi, mama yangu Numbi aliniwekea sheria mbili, na hakutaka mjadala: mali isipotolewa, usiingie nyumba ya mama mkwe, na hata ukipita mlangoni, usile chakula chake. Mwanamke anayeingia kabla ya kuletewa heshima yake, alisema, hataheshimiwa akiwa ndani. Nilikuwa nimeishika sheria ile miezi mitatu. Nilikuwa nimeijua nyumba ya Djibril kwa paa lake tu, kutoka barabarani.

"Na nikimwambia mama yako kwamba haya yote yalitoka mu kinywa changu," nikasema, "atanifukuza, na hatakuja kwetu maisha yote. Najua. Washa gari."

"Nitasema ni minye."

"Ni weye pia. Usijali, lawama iko ya kututosha wote. Washa gari."

Njiani kuelekea Kikula, mtaa wa kwao hapa Likasi, aliendesha macho yakiwa mbele. Mara moja tu, tulipopunguza mwendo kupisha watu wa sokoni, aliugusa mkono wangu kwa mgongo wa kidole kimoja, kama anayejaribu kama pasi bado ina moto. Sikuutoa mkono. Nilikuwa naaga, nadhani. Nilikuwa nayatazama masikio yake, shingo yake, kofia yake ndogo nyeupe, nikijiambia: kumbuka hivi vyote, Émilienne, kesho havitakuwa vyako.

Mama Mayimuna alikuwa ameketi kwenye mkeka ndani ya sebule, amefunikwa kitenge mpaka kidevuni. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwazia. Macho yake yalikuwa manjano kama kiini cha yai. Nilivua viatu kizingitini. Nikasimama pale kwa pumzi moja, kisha nikavuka.

"Salama, mama."

"Salama." Alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, bila haraka. "Njo weye ule wa minyoo?"

Djibril alifungua kinywa. Mama yake akainua kidole, kikafungwa.

"Ni minye, mama. Naitwa Émilienne."

"Najua jina lako. Huyu analisema mu usingizi. Ukaingia mbele ya mali? Mama yako atasema nini?"

"Atanichapa na kijiko ya kusonga bukari."

Pembe ya mdomo wake ilisogea. Nikapiga magoti mbele ya mkeka, nikasema yote kabla moyo haujanitoroka: safari ya Mulungwishi, nilichosoma, jinsi nilivyokisema kwa raha, katoni niliyoiacha bila kuuliza. Nikasema dawa ile inachunguzwa kweli, lakini bado ni swali, na mwanawe alimpa swali ameze kama jibu. Nikasema sasa ini lake linaumia na lazima aache leo. Kama Dokta atamkata kesho au atangoja ini lipumzike, sikujua. Kama litapona, hilo pia sikujua, ingawa mara nyingi mtu akiacha mapema linapona.

Djibril alikuwa ameegemea ukuta, uso ameuficha kwenye kiwiko.

Mwanga wa jua baada ya mvua uliingia dirishani ukalala kwenye mkeka kati yetu. Nilisikia jirani akitwanga, mbali, kama moyo wa mtu mwingine.

"Mutoto," akasema mwishoni, "nimezaa wanaume sita. Nimebapatia bote dawa ya minyoo. Unafikiri siijue? Dawa gani ya kansa inanukia bombo, ile pipi ya batoto?"

Djibril aliinua kichwa. "Mama! Ulijua?"

"Toka kidonge ya kwanza."

"Na ukameza?"

"Weye njo ulikuwa mugonjwa," akamwambia. "Haukukula, haukulala. Nikimeza, unakula. Basi nikameza. Ingekuwa mchanga, ningemeza."

Kijana yule wa miaka arobaini akateleza chini ya ukuta mpaka akakaa sakafuni. Ningeweza kumpenda zaidi ya hapo? Sidhani. Lakini saa ilikuwa inakwenda, na mimi si mtu wa kulia wakati maji bado hayajachemka.

"Mama," nikasema, "kwa nini hautaki Lubumbashi? Ni juu ya mama Fatou?"

"Fatou alikufa na kidonda." Alikivuta kitenge. "Alikuwa na wanaume tupu kama minye. Nani alimuosha? Nani alimubadilisha bandeji? Walikuwa wanasimama inje, wanalia, wanaona haya. Mutoto mwanaume hawezi kuona kifua ya mama yake. Kidonda ikaoza. Minye pia sina binti. Nani atanivua nguo, Djibril?"

Kumbe hofu yake haikuwa kisu kabisa. Ilikuwa siku zinazofuata kisu. Wanaume sita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza.

"Minye," nikasema.

"Weye si mukwe wangu."

"Bado."

"Kwenu, mukwe anaweza kuona?"

"Hapana. Kwenu?"

"Hapana."

"Basi tuko sawa."

Alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kikavu, kilichomshangaza yeye mwenyewe. Kisha akanitazama, na macho yale ya manjano yalikuwa yananipima kama anavyopimwa mtu anayekuja kununua nyumba.

"Djibril, toka inje," akasema.

Alitoka. Nilinawa mikono kwenye beseni, nikavaa glavu za Papa Fidèle. Mama Mayimuna akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho. Nikafungua kitenge chake, fundo moja, kisha la pili, polepole, kama mtu anayefungua zawadi ambayo haikuandikwa jina lake. Uvimbe ulikuwa upande wa kushoto, mgumu, kama kokwa la parachichi. Ngozi haikuwa imepasuka. Nilimshukuru Mungu kwa hilo kwa sauti, na yeye akamshukuru wake, na nadhani tulisikika pamoja.

Nilimwosha kwa maji ya vuguvugu, kifua, makwapa, mgongo. Nilipofika begani aliuweka mkono wake juu ya wangu, akauacha hapo.

"Vidole vyako iko baridi," akasema.

"Vitapata moto. Lubumbashi ni mwendo wa saa mbili. Tutaenda wote, tutamwonyesha Dokta macho kwanza, na nitakaa mpaka kidonda ifunge. Unakubali?"

"Na mutoto wako?"

"Iko na nyanya yake."

"Na kazi?"

"Mama, unakubali?"

Akafungua macho. "Nipatie ile kitenge ya bluu. Siwezi kufika mu Lubumbashi na hii, ni ya kulalia."

Nilimvalisha ya bluu. Djibril alipoingia na kutukuta tumesimama, mimi na mama yake, mkono wake umepita kwenye wangu, alibaki na mdomo wazi. Nikamwambia achukue mkeka, mto, chupa ya maji, na vidonge vyovyote vilivyobaki, ili Dokta avione. Akaenda mbio kama askari.

Wakati anapakia, nilisimama kando ya gari nikampigia mama yangu.

"Mama, nimeingia."

Alielewa mara moja.

"Kwa nini?" akauliza.

Nikamwambia, kwa sentensi tatu. Ugonjwa, wanaume sita, Lubumbashi sasa hivi.

"Nani atachukua Shekina ku masomo?"

"Weye, mama."

"Najua ni minye, nilitaka uombe." Akapumua kwenye simu. "Umekula kwake?"

"Hapana. Ile sheria sijavunja."

"Mupumbavu," akasema Mama Numbi. "Muntu akishaingia, na akatoka bila kukula, njo anatukana nyumba. Kama ni kuvunja, vunja yote." Akakata.

Tulipanda. Nilitaka kumweka Mama Mayimuna dirishani apate hewa, lakini alikataa. Alisema anataka kukaa katikati, kati ya mwanawe na mimi, ili tusifanye upuuzi njiani. Djibril akawasha. Kifutio kiliyasukuma maua ya jakaranda kutoka kwenye kioo, upande mmoja, upande wa pili, na barabara ikaonekana. Juu ya kichwa cha mama yake alinitazama mara moja tu, na safari hii nilijua vizuri kabisa kwamba ni mapenzi.

Tulipokuwa tunaacha nyumba za mwisho za Likasi, Mama Mayimuna alifungua mfuko wake wa plastiki. Ndani mlikuwa na mikate ya kukaanga ya jana, minne, imepoa. Alichagua mmoja, akaumega katikati, akaninyooshea nusu bila kunitazama, macho yake barabarani.

Kiganja chake kilingoja.

Nikachukua, nikala mbele yake, mpaka kipande cha mwisho.